Gari la Kumleta Mjomba

Firmin alifungua boneti ya Pejo yake asubuhi ileile aliyoambiwa kwamba mwanawe amekufa. Hakuna aliyemtuma. Wakubwa wa ukoo walikuwa wamekwisha kugawana kazi, na yeye kazi aliyopewa ilikuwa nyingine kabisa: avuke mlima mpaka Nékouta, kwa shemeji yake Néhémie, aweke kitambaa mbele yake na kumwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Manassé hayupo tena. Kazi ya maneno machache. Mtu mzima yeyote angeimaliza kabla jua halijawa kali, na Firmin alikuwa mtu mzima mwenye mvi.

Huku pwani ya mashariki ya kisiwa chetu, mtoto akizaliwa, mjomba wake, yaani ndugu wa mama, humwinamia na kumpulizia sikioni. Pumzi ile ni ya wajomba. Sisi wa upande wa baba tunapewa tuitunze tu. Siku mtoto akifa, waliopewa lazima waende kwa waliotoa, wainamishe vichwa, waseme: pumzi yenu imetuponyoka. Hawapigi simu na hawamtumi mpita njia. Na mpaka mjomba ameambiwa na kupokea kitambaa, hakuna mkono unaogusa jembe makaburini. Jeneza linaweza kukaa sebuleni mpaka watu wasijue waangalie wapi, halitatoka.

Haya yote Firmin aliyajua kama alivyojua jina lake. Ndiyo maana nasema boneti ile hakuifungua kwa ujinga.

Habari yenyewe ililetwa na askari alfajiri, kwa gari, maana simu zote za kijiji chetu cha Néawa zilikuwa zimekufa tangu kimbunga cha Januari. Manassé alikuwa akifanya kazi bandarini Noumea. Gari la rafiki yake lilipinduka usiku, akapelekwa hospitali, akafia huko. Askari aliyasema hayo mlangoni, kofia mkononi, akampa pole kaka mkubwa wa Firmin akidhani ndiye baba. Kaka mtu akakusanya vijana na zile pikapu mbili mpya za ukoo, wakaenda kuuchukua mwili. Wangerudi nao kesho yake. Wanawake wakaingia ndani na Delphine, mama wa marehemu, kilio kikaanza. Firmin akabaki uani na funguo za Pejo mfukoni.

Sasa, Néhémie alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alikula vumbi jekundu la mgodi wa nikeli tangu ujana wake, likamkaa kifuani, na nesi wa zahanati alikwisha kumwambia bila kumung'unya maneno: vumbi jingine kidogo tu, mzee, utatuaga. Barabara ya chini ya kwenda kwake, ile ya lami, daraja lake lilichukuliwa na maji ya kimbunga. Iliyobaki ni ya juu, ya malori ya mgodi, vumbi tupu mwanzo hadi mwisho. Kumpitisha Néhémie huko vioo vikiwa wazi ni kumuua. Kumpitisha vioo vikiwa vimefungwa, mwezi wa Februari, bila AC, ni kumwoka mzimamzima. Na magari yenye AC ndiyo hayo mawili yaliyokwenda Noumea. Pejo nayo ilikuwa na AC, lakini kwa jina tu.

Basi Firmin akapiga hesabu. Nikienda sasa nitatoa habari na kumwacha pale pale, kwa kuwa sina gari la kumchukua. Nikiitengeneza AC kwanza, nitatoa habari na kuja naye. Hesabu haikuwa na kosa hata moja, na ndiyo iliyomponza.

Élisée alifika amevaa shati safi na viatu. Alikuwa binamu yake na fundi wa mafriji; friji za zahanati na za maduka yote ya pwani ile zilipita mikononi mwake, na mdomo wake ulijulikana kuliko mikono. Siku hiyo alikuja mdomo umefungwa. Alimkumbatia Firmin kwa muda mrefu, kisha akaiona boneti.

"Haliwaki?"

"Linawaka. Nataka uniwekee gesi ya AC."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Élisée alimtazama usoni kutafuta kama amesikia vizuri. "Binamu, mimi nimevaa hivi twende kwa wajomba. Wazee wametutuma mimi na wewe. Mzee anangoja."

"Hangoji. Hajui."

"Si ndiyo maana twende akajue?"

"Na arudi na nini? Juu ya mgongo wako?" Firmin alikuwa ameinama, anasukuma mkanda wa injini kwa kidole kama mtu anayenunua gari. "Nataka nikifika nimwambie, apande, tuje. Mara moja."

"Twende na pikapu yangu tumwambie. Turudi, niitengeneze hii jioni kwa utulivu. Kesho asubuhi unamfuata mzee ndani ya baridi kama waziri."

"Pikapu yako itapanda mlima ule mara mbili?"

"Pikapu yangu sura mbaya, miguu anayo."

"Élisée, niwekee gesi."

Kama kuna saa ambayo Élisée alitakiwa kumshika mkono na kumvuta, ilikuwa ile. Lakini ni nani anayeweza kubishana na mtu ambaye mwanawe amelala kwenye chumba cha baridi cha hospitali? Élisée alivua shati lake safi, akalitundika kwenye tawi la mpera, akaenda kushusha vifaa.

"AC hii ilipopuliza mara ya mwisho," alisema, "mimi nilikuwa na nywele."

Firmin hakucheka, ila bega lake lilishuka kidogo, na Élisée akaona heri angalau hilo.

Alifunga mipira miwili ya geji, kile kipimo cha msukumo wa gesi, wa bluu na mwekundu, kwenye mabomba ya gari. Mishale yote miwili ilibaki imelala kwenye sifuri.

"Kavu. Hata ya kunusa hamna."

"Basi jaza."

"Nijaze wapi? Ilitoka kwa tundu, na nyingine itapita tundu lilelile. Itakuchekea mpaka katikati ya mlima, halafu ikuache na mgonjwa ndani ya tanuri." Élisée alijipangusa jasho. "Umeiua mwenyewe hii, unajua? Miaka yote unapita na vioo wazi, eti AC inakunywea dizeli. Mipira ya viungio inataka kulowa mafuta, na mafuta yanatembea AC ikiwashwa. Isipowashwa, inakauka, inapasuka, gesi inaaga."

"Nakubali. Tafuta tundu."

Élisée aliingiza gesi ya naitrojeni kidogo ya kutafutia tundu, akapaka povu la sabuni kiungio baada ya kiungio. Firmin alishika tochi ingawa jua lilikuwa limejaa uani. Kutoka ndani ya nyumba kilio kilipanda na kushuka, na kila kilipopanda Firmin aliinamisha kichwa zaidi kwenye injini. Nyuma ya kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, povu likaanza kuchemka, vipovu vidogovidogo vinavyozaana.

"Huyo," Élisée akasema.

Alifungua kiungio, akatoa kipete cha mpira kilichokauka mpaka kikakatika kati ya vidole vyake. Akachagua kingine kwenye kikopo chake, akakipaka mafuta, akakivisha. Kisha akaunganisha pampu ya kuvuta hewa, akaiwasha kwa umeme wa jikoni. Kazi ya pampu ile ni kunyonya kila kilichomo mabombani, hewa na unyevu, kabla ya gesi kuingia. Hewa ikibaki, baridi haiji. Unyevu ukibaki, unaganda ndani kuwa barafu na kuziba njia. Ni kazi isiyoharakishwa. Pampu inanguruma, mshale unateremka chini ya sifuri, na fundi anakaa.

Walikuwa wamekaa hivyo kwenye kivuli cha ukuta Delphine alipotoka. Alikuwa na gauni lake pana la maua, kichwa wazi, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Baba Manassé. Kaka yangu ameambiwa?"

"Naenda."

"Unaenda na nini? Na hilo linalonguruma?"

"Ni AC, mama Manassé. Kwa ajili ya kifua chake. Nataka nije naye."

Delphine aliitazama pampu, akawatazama. Yeye asingeweza kwenda. Alikuwa dada wa huyo mjomba, na si yeye aliyepewa pumzi ile kuitunza; ni watu wa mumewe. Kama ingekuwa inaruhusiwa angekwisha kufika kwa miguu.

"Watu wa Nékouta hawalali," alisema. "Habari ina mbawa. Akiisikia kwa mwingine, utamwambia nini?"

"Hawezi kuisikia. Simu hazifanyi kazi."

"Za kwetu hazifanyi," Delphine akasema, akarudi ndani.

Élisée alikwaruza chini kwa kijiti. "Umemsikia?"

"Nimemsikia. Pampu ikimaliza tu."

Pampu ilipomaliza, Élisée akafunga koki na kuuangalia mshale. Mshale ukikaa ulipo, mfumo hauna tundu. Mshale ulikaa. Firmin alichuchumaa mbele yake asipepese macho. Halafu, taratibu, kama mtu anayetoroka kanisani, ukaanza kupanda.

"Kuna lingine," Élisée akasema kwa uchovu.

Na hapa lazima niseme kilichompita Firmin moyoni, maana alikisikia waziwazi na hakuweza kujidanganya: alifurahi. Kwa muda mfupi, mbele ya mshale ule, baba wa maiti alifurahi kwamba kazi haijaisha. Kisha haya ikamshika mpaka masikio yakawaka moto.

Tundu la pili lilikuwa kwenye kijimdomo cha kujazia gesi, kitu cha kuchokonoa na kubadilisha. Naitrojeni tena. Povu tena. Pampu tena. Adhuhuri ikapita. Wanawake wakaleta mihogo na samaki, Élisée akala, Firmin akasukuma sahani. Mara hii mshale ulilala na haukuamka.

Élisée akageuza mtungi wa gesi juu ya mizani, akasoma kibandiko kilichofifia chini ya boneti kuona gari linataka kiasi gani, akafungua koki. Sehemu ya kwanza iliingia yenyewe kwa kuvutwa. "Washa," akasema. Dizeli ikaunguruma, moshi mweusi ukatoka, kuku wakatawanyika. "Weka AC mwisho. Feni mwisho. Kanyaga mafuta kidogo, shikilia hapo."

Kompresa ikashika, tak, na mngurumo wa injini ukazama kidogo kama mtu aliyetwikwa mzigo, kisha ukajiinua. Bomba nene chini ya boneti likaanza kutoa jasho. Firmin aliweka kiganja mbele ya tundu la dashibodi. Kwanza ulikuja upepo wa kawaida wenye harufu ya panya. Ukawa wa uvuguvugu. Kisha ukaja baridi, baridi ya kweli, mpaka vinyweleo vya mkono vikasimama.

"Haya bwana," Élisée akasema akifunga koki. "Umeshinda. Sasa sema umebaki na sababu gani?"

Firmin alifunga boneti. Alipanda, akafunga vioo.

Walivuka mlima magari mawili, Pejo mbele na Élisée nyuma kwa mbali asile vumbi, maana watu wa Nékouta wangehitaji pikapu ya kubeba vitu vyao. Njia nzima Firmin alijaribu maneno. Aliyajua. Aliyasikia utotoni kwa baba yake, akayasikia yakisemwa mbele ya wajomba wa wengine, na kila mara yalitoka kama maji. Peke yake ndani ya ile baridi aliyafikisha mpaka kwenye jina la mtoto, na hapo akakwama. Akarudia kutoka mwanzo. Akakwama palepale.

Nékouta walikuwa tayari. Hilo ndilo la kwanza aliloliona. Viazi vikuu vya kupeleka msibani vilikuwa vimefungwa mafungu mafungu mbele ya nyumba, mikeka imekunjwa, wanawake wamevaa magauni meusi. Néhémie alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya paa la baraza, shati jeupe limefungwa mpaka kooni, fimbo kati ya magoti. Hakuinuka. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwa kelele ndogo ya filimbi.

Firmin alishuka na kitambaa mkononi. Élisée akasimama nyuma yake na kuinamisha kichwa, ndivyo inavyopasa. Firmin akafungua kinywa, na Mungu anajua alikusudia nini, ila yaliyotoka ni haya:

"Shemeji, nimekuja na gari. AC inafanya kazi. Hutavuta vumbi."

Mwanamke mmoja alishika mdomo. Élisée alifumba macho. Firmin alisimama na kitambaa chake kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake, akijua kabisa alichokifanya na asiweze kukitengua.

Néhémie alimtazama. Kisha akajiinua kwa fimbo, polepole, akaanza kwenda kwenye Pejo.

"Baba Rosine," mkewe akasema, "hujapokea kitu."

"Nakwenda kwa mtoto wangu. Kupokea nitapokea nikiambiwa."

"Na usipoambiwa?"

"Nitakaa nje ya ua wao na watu wangu mpaka niambiwe. Hata mwili ukiwa ndani."

Alisema bila hasira, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kila aliyekuwa pale alielewa. Kesho Manassé angeletwa, angelazwa sebuleni kwa mama yake, na mjomba wake angekuwa ameketi barabarani kama mgeni. Kaburi lisingechimbwa. Na yote hayo kwa sababu baba mtu alikuwa na kinywa kilichoshindwa kutaja jina.

Waliondoka wawili ndani ya Pejo. Wengine walipakia vitu kwa Élisée, wangefuata.

Ndani mlikuwa na baridi nzuri. Malori ya mgodi yaliwapita, kila moja likiacha ukuta mwekundu, na vumbi lilipiga kwenye kioo na kuteleza bila kuingia. Kifua cha Néhémie kilitulia kidogo, ile filimbi ikapungua. Firmin aliisikiliza kuliko alivyosikiliza injini. Kila pumzi iliyoingia vizuri aliihesabia kuwa jambo moja alilolifanya sawasawa leo. Wakaenda hivyo mpaka juu kabisa, pale malori yanapokata kuelekea mgodini na njia inaanza kuteremka.

"Simama," Néhémie akasema.

Firmin akaegesha pembeni.

"Zima."

"Shemeji, nikizima AC joto litaku..."

"Zima gari lote. Linapiga kelele."

"Nesi alisema tusifungue vioo."

"Nani ametaja vioo? Nimesema zima."

Akazima. Feni ikafa kwa kuguna. Jua la alasiri, lililokuwa likingoja juu ya bati, likaanza kushuka ndani.

"Mimi nilijua tangu alfajiri," Néhémie akasema. Alitazama mbele, si kwa Firmin. "Rosine alinipigia. Unajua binti yangu ni nesi kule hospitali ya Noumea. Nikavaa shati hili. Nikawaambia watu wafunge viazi. Nikakaa barazani nikasema, shemeji yangu yuko njiani. Jua likapanda. Mke wangu akasema pengine hawaji, pengine watu wa Néawa siku hizi wanatuma karatasi. Nikamwambia funga mdomo wako, Firmin atakuja."

"Nilikuwa natengeneza AC, shemeji. Kwa sababu ya kifua chako."

"Naisikia. Ni baridi nzuri. Élisée?"

"Ndiye."

"Fundi yule." Alikohoa, akajipangusa mdomo. "Lakini wewe hukuwa unatengeneza AC."

Firmin alishika usukani kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa mmekwisha kuwa moto. Jasho lilimtiririka mgongoni, na pembeni yake ile filimbi ilikuwa imerudi, nyembamba, inavuta kwa shida. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ufunguo.

"Ukiwasha kabla hujasema," Néhémie akasema, "nitafungua mlango huu nitembee. Na vumbi nitalila."

Asingefika hata kwenye kona. Wote wawili walilijua hilo. Firmin aliuondoa mkono kwenye ufunguo, akachukua kitambaa kilichokuwa juu ya dashibodi, akakilaza kwenye magoti ya shemeji yake. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa gia.

"Shemeji," akasema. "Sina pa kusimama mbele yako. Ile pumzi mliyotupa tuliipokea kwa mikono miwili. Tuliilisha. Tuliipeleka shule. Tulidhani tumeishika vizuri." Akakwama, palepale alipokwama njia nzima. Alisikia filimbi ya Néhémie juu ya kichwa chake, ikivuta, ikikwama, ikivuta. "Imetuponyoka. Manassé amekufa. Mwanangu amekufa, shemeji. Hayupo."

Ndiyo mara ya kwanza kuyasema siku ile, kwa mtu yeyote, hata kwa nafsi yake.

Mkono wa Néhémie ulishuka juu ya kitambaa na kukikunja, ukakivuta kwake. "Nimesikia," akasema. "Nimepokea." Halafu ule mkono ukaja juu ya kisogo cha Firmin, ukakaa hapo.

"Sasa na mimi nina chako," akaendelea. Alipumzika kati ya maneno, maana hewa ilikuwa imeisha humo ndani. "Nimekaa nacho tangu asubuhi. Nisingeweza kukupa kabla wewe hujanipa changu. Rosine alikuwa zamu. Alimwona akiingizwa, akamtambua, akakaa naye mpaka mwisho. Hakufa peke yake. Alimshika mkono."

Firmin aliinua uso. Alfajiri ile askari alimwambia kaka yake maneno ya mlangoni, na yeye hakuuliza la pili.

"Alikuwa anasema?"

"Alikuwa na akili zake. Rosine akamwambia, tutatafuta njia tumpate baba yako, aje. Akajibu..." Néhémie akavuta pumzi, ikagoma, akaivuta tena. "Akajibu, mwambieni baba asije usiku. Taa ya kushoto ya Pejo imeungua, na yule mkaidi najua hajanunua nyingine."

Ilikuwa kweli, hakununua. Firmin alifungua kinywa kusema hivyo, na badala yake kilio kilichokosekana uani tangu alfajiri kikamtoka chote, kikubwa, kibaya, kikajaa ndani ya gari lile lililofungwa, na Néhémie akamwacha alie katika joto lile bila kulalamika, mkono wake ukimpapasa kisogoni, mpaka alipoweza kushika usukani.

"Washa sasa, shemeji," akasema Néhémie. "Twende kungali mchana."